Neno Moja Kwetu, Mawili kwa Waingereza: Maswali na Majibu

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja, yaani maneno mawili ya Kiingereza ambayo Kiswahili huyabeba kwa neno moja. Anayekosea hapo si mvivu. Anafasiri kwa uaminifu kutoka lugha anayoijua vizuri, na lugha hiyo haikujenga ukuta pale Kiingereza kilipoujenga. Ndiyo maana nimeanza karibu kila jibu na neno letu wenyewe, nikitazama linafanya kazi gani, kwa kuwa sijapata kuona mwanafunzi aliyepona kosa la namna hii kwa kukariri orodha ya maneno ya Kiingereza peke yake.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ameingia kidato cha kwanza baada ya kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Mwalimu wake amemsahihisha mara tatu kwa kuandika "Borrow me your ruler". Mimi mwenyewe sioni kosa, kwani "borrow" si kuazima? (Mzazi, Dodoma)

Marahaba. Ni kuazima kweli, lakini ni kuazima kwa upande mmoja tu. Tazama tunavyosema sisi: "Nimeazima jembe kwa jirani", kisha kesho yake, "Jirani, niazime jembe." Katika sentensi ya kwanza mwenye kuazima ni mimi ninayepokea, na katika ya pili ni jirani anayetoa, lakini kitenzi hakikubadilika na hakuna aliyechanganyikiwa. Kilichotuonyesha jembe linaelekea wapi ni kile kiambishi kidogo "ni" kilichokaa mbele ya kitenzi. Wapo wanaopendelea kusema "kuazimisha" kwa yule anayetoa, na ni sahihi, ila mitaani "niazime" ndiyo inayosikika kila siku.

Kiingereza hakina kiambishi cha kukifanyia kazi hiyo, kwa hiyo kimegawa kazi kwa vitenzi viwili. Anayepokea hufanya "borrow", anayetoa hufanya "lend". Mwanao akitaka rula ana milango miwili ya kuingilia: akimfanya mwenye rula kuwa mtendaji, atasema "Lend me your ruler", akijifanya yeye mwenyewe kuwa mtendaji, atasema "May I borrow your ruler?" Vilevile vitenzi hivi hufuatana na maneno tofauti, kwani tunafanya "borrow" kutoka kwa mtu, yaani "from", na tunafanya "lend" kumpa mtu, yaani "to".

Msaidie kwa kumkumbusha "kukopa" na "kukopesha", ambako Kiswahili nacho kimetenganisha pande mbili kwa kuongeza "-sha" mwishoni. Mtoto anayejua kuwa benki hukopesha na mteja hukopa anaijua tayari tofauti ya "lend" na "borrow". Hajaambiwa tu kwamba anaijua. Ufunguo huohuo unafungua jozi nyingine zinazowasumbua watoto wa kidato cha kwanza: kukumbuka ni "remember" na kukumbusha ni "remind", kujifunza ni "learn" na kufundisha ni "teach". Anayeandika "She learned me English" amesahau "-sha" yake tu.

Kuna jambo ambalo Kiswahili kinalipambanua vizuri zaidi, nami sipendi lipite bila kutajwa. Jembe tunaliazima kwa sababu litarudi jembe lilelile, lakini fedha tunazikopa kwa sababu zitakazorudi ni noti nyingine zenye thamani ileile. Mwingereza hutumia "borrow" kwa vyote viwili.

Nilitoa taarifa kwa Kiingereza kwamba "I was stolen at the bus stand", na aliyekuwa akiandika akaniuliza nani aliniiba. Niliibiwa simu. Ningesemaje? (Msomaji, Mombasa)

Pole sana kwa simu yako. Kosa hili limezaliwa na utajiri wa vitenzi vyetu. Tuna "kuiba", ambayo huelekea kitu, na tuna "kuibia", ambayo humwelekea mtu aliyepatwa na hasara; kutoka hiyo ya pili tunapata "kuibiwa". Kwa hiyo "niliibiwa" ni neno kamili, linalomweleza mtu na msiba wake bila hata kutaja simu. Kitenzi "steal" hakina umbo la namna hiyo. Kinachofanyiwa "steal" ni kitu kilichochukuliwa, basi ukisema "I was stolen" umejitaja wewe kuwa ndiwe uliyebebwa kama mzigo.

Sema "My phone was stolen", au "Someone stole my phone". Ukitaka mtu ndiye awe mwanzo wa sentensi, Kiingereza kinalo neno "rob", ambalo humwelekea mtu au mahali: mtu hufanyiwa "rob", duka hufanyiwa "rob", benki hufanyiwa "rob", lakini simu haifanyiwi. Hata hivyo usikimbilie "I was robbed" ikiwa simu ilichomolewa mfukoni bila wewe kujua. Katika mazungumzo watu hulitumia ovyo, lakini mbele ya polisi na mahakama tofauti yake ni nzito, kwa kuwa "theft" ni wizi na "robbery" ni unyang'anyi, ambao ndani yake mna nguvu au vitisho. Ukiandika "robbery" utaulizwa ulipigwa wapi, na kwa silaha gani.

Kazini kwangu hufasiri maelezo ya mashahidi. "Kukataa" linanisumbua: mara "refuse", mara "deny". Kuna kanuni? (Karani, Mwanza)

Ipo, na kwa kazi yako ni ya lazima, kwa sababu neno moja likikosewa linaweza kubadili maana ya ushahidi. Unapokutana na "kukataa", jiulize: alikataa kufanya, au alikataa kwamba jambo lilikuwa? Aliyeambiwa atie saini naye hakutia, huyo "refused to sign". Aliyeambiwa kuwa alichukua fedha naye akasema si kweli, huyo "denied taking the money". La kwanza ni kukataa tendo lililo mbele yako, na la pili ni kukataa maneno yaliyosemwa juu yako. Kiswahili chenyewe kinayo maneno mahususi kwa hili la pili, "kukana" na "kukanusha", na mahakamani tunasema mshitakiwa alikana shitaka. Shahidi wa kawaida, hata hivyo, atasema "alikataa" kwa yote mawili, nawe ndiwe utakayechagua.

"Deny" lina kazi nyingine ambayo Kiswahili hukipa kitenzi chake, nacho ni "kunyima". "They denied him food" maana yake walimnyima chakula, wala hapa hakuna maneno yaliyokanushwa. Huenda ndiko walikotoka wanaoandika "He denied to give me my salary": wamefikiria kunyimwa, wakashika "deny", wakakiunga na kitenzi kingine kama tuungavyo sisi. Ama uandike "He refused to give me my salary", ama "He denied me my salary".

Sasa nije kwenye sehemu inayonitia wasiwasi zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema, "Alikataa kuwa hakuiba." Sote tunaelewa kwamba mtu huyo anasema hakuiba. Kile kikanusho cha pili hakifuti cha kwanza. Kinarudia tu maneno ya msemaji, kana kwamba tumesikia "alikataa, akasema hakuiba". Ukiihamisha sentensi hiyo neno kwa neno utapata "He denied that he did not steal", na kwa Mwingereza hapo vikanusho viwili vimefutana, mtu wako amekubali kuwa aliiba. Ondoa kanusho la pili kabla ya kuandika: "He denied that he stole it", au kwa ufupi zaidi, "He denied stealing it". Ukiwa na shaka, muulize shahidi tena kabla hajaondoka, kwani kalamu yako ndiyo itakayosomwa naye hayupo.

Mwalimu, "mkono" ni "hand" au "arm"? Kwenye kadi za wagonjwa naona wenzangu wanaandika "hand" popote pale. (Muuguzi, Tanga)

Swali lako limenirudisha mbali. Miaka mingi iliyopita nilimsindikiza binamu yangu hospitali baada ya kuanguka kutoka kwenye mnazi. Daktari wa zamu alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, nami nikajitolea kuwa mkalimani. Nikamwambia, "His hand is broken." Binamu akapelekwa kupigwa eksirei ya kiganja, akanyooshwa vidole juu ya meza huku akiuma meno kwa maumivu, na picha ilipotoka mifupa yote ya kiganja ilikuwa mizima. Alipoulizwa kwa ishara, akainua mkono wa pili akashika juu kidogo ya kiwiko. Ilibidi arudishwe kwenye meza ileile kwa picha nyingine. Maumivu ya safari ile ya pili yalitokana na neno langu moja, na tangu siku hiyo sijalichukulia swali hili kuwa dogo.

"Mkono" kwetu huanzia begani hukoma kwenye ncha za vidole. Kiingereza hukata katika kifundo cha mkono: juu ya kifundo hadi begani ni "arm", na kutoka kifundo kwenda kwenye vidole ni "hand". Mguu nao umekatwa vivyo hivyo, kwa kuwa juu ya kifundo cha mguu ni "leg", na chini yake, yaani kisigino, unyayo na vidole, ni "foot". Vidole vyenyewe wamevipa majina mawili, "fingers" vya mkononi na "toes" vya mguuni, na kidole gumba cha mkono kina jina lake pekee, "thumb".

Kwenye kadi ya mgonjwa, mwombe mgonjwa aguse panapouma kabla hujaandika. Tena jua kwamba vitabu vya anatomia huenda mbele zaidi ya mazungumzo ya kawaida: humo "arm" ni sehemu ya kati ya bega na kiwiko tu, na sehemu ya kati ya kiwiko na kifundo, ile tuiitayo kigasha, ni "forearm". Usidhani basi kwamba Kiswahili hakina maneno. Kiganja, kigasha, kiwiko, paja, goti, muundi na unyayo yote yapo; tunachokosa ni mazoea ya kuyatumia tunapoulizwa panapouma.

Bosi aliniagiza niandike tangazo kuwa fomu zirudishwe mpaka Ijumaa. Niliandika "until Friday", akaligeuza kuwa "by Friday". Kwa nini? (Katibu muhtasi, Nairobi)

Kwa sababu "mpaka" hubeba mambo mawili. Kuna tendo linaloendelea bila kukatika hadi wakati fulani, kama ofisi inayokaa wazi, au mtu anayesubiri. Hilo ni "until". Na kuna tendo la mara moja ambalo lazima liwe limekwisha wakati huo ukifika, kama kurudisha fomu. Hilo ni "by". Jaribu kuweka "kufikia" mahali pa "mpaka". Fomu zirudishwe kufikia Ijumaa: inakubali, basi andika "by". Nitakungoja kufikia saa kumi: haikubali, basi andika "until four o'clock". Na hiyo saa kumi usiiache ikawa "ten", maana anayesoma Kiingereza huhesabu saa zake kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, wala si machweo na mapambazuko kama sisi.

Niliandika kwenye barua ya kuomba kazi kuwa "I am a good cooker". Rafiki yangu anasema nimejiita jiko. Ni kweli? (Mpishi, Moshi)

Ni kweli, ila umefika hapo kwa njia ya akili. Umeona "teach" ikizaa "teacher", "drive" ikizaa "driver", ukatarajia "cook" izae "cooker", kama sisi tunavyotoka kwenye kupika tukapata mpishi. Lakini katika Kiingereza jina la mpishi na kitenzi cha kupika ni neno lilelile, "cook", na neno hilo la mtu lilikuwapo karne nyingi kabla hayajaja majiko ya chuma ya karne ya 19, ambayo ndiyo yaliyopewa jina "cooker". Andika "I am a good cook". Ukiwa umesomea upishi na kuongoza jiko la hoteli, "chef" inakufaa zaidi.

Kwenye menyu ya mgahawa wetu "biriani ya mbuzi" imeandikwa "mutton biriani". Mgeni mmoja kutoka Uingereza alilalamika kuwa hakupewa kondoo. Nani ana haki? (Mhudumu, Zanzibar)

Kwa Kiingereza cha Uingereza, mgeni wako ana haki: "mutton" ni nyama ya kondoo mzima, na ya mwanakondoo ni "lamb". Lakini menyu yenu nayo haikuzuka hewani. Katika Kiingereza cha India "mutton" mara nyingi huwa ni mbuzi, na kwa kuwa biriani ya pwani ina undugu wa karibu na mapishi ya Wahindi, matumizi hayo yamekaa kwenye menyu zetu pia. Kwa mgahawa unaopokea wageni wa kila nchi ningeandika "goat" waziwazi, kwani mbuzi ndiye uliyempika na hakuna aibu katika jina lake.

Jozi hizi za mnyama na nyama yake zina historia inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa wakubwa walisema Kifaransa ilhali wakulima walisema Kiingereza. Mifugo ikabaki na majina ya Kiingereza, "cow", "sheep" na "pig", na maneno yaliyotoka Kifaransa, "beef", "mutton" na "pork", yakaishia kuwa ya nyama. Mgawanyo huo haukufanyika kwa siku moja, na kwa muda mrefu maneno ya Kifaransa yalitumika hata kwa mnyama aliye hai. Huko Ufaransa kwenyewe "mouton" hadi leo ni kondoo malishoni na ni kondoo kwenye sahani, kama sisi tunavyosema ng'ombe na nyama ya ng'ombe. Mbuzi hakupata jina la pili lililozoeleka, kwa hiyo ni "goat" na "goat meat" tu.

"Historic" na "historical" si kitu kimoja? (Mwanafunzi, Kigoma)

Hapana. "Historical" ni chochote kinachohusu historia, kama utafiti au hati za kale. "Historic" ni kile chenye uzito katika historia. Tarehe 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru, ni "a historic day". Daftari la mfanyabiashara wa wakati huo ni "a historical document", hata kama halikubadili jambo lolote.

Nilimwandikia mama wa familia iliyonipokea Kanada, "I have remembered you very much." Akanijibu kwa upole kuwa anafurahi sijamsahau, lakini nilihisi hakunielewa. (Msomaji, Bukoba)

Hakukuelewa, na inasikitisha, maana ulimwandikia neno zuri. "Nimekukumbuka" ya Kiswahili hubeba hamu: nimekaa nikiwaza sura yako, natamani kukuona. "Remember" haibebi hamu hiyo. Husema tu kwamba mtu hajatoka akilini. Neno ulilolitaka ni "miss", "I miss you very much." Hili nalo tunalikwepa kwa sababu shuleni tulilijua kama "kukosa", kukosa basi au kukosa shabaha, tukadhani haliwezi kumhusu mtu tunayempenda. Lakini fikiri: anayemkosa mtu nyumbani, akaona kiti chake kitupu, amekaribia kabisa maana yake. Mwandikie tena, umweleze kwamba kwetu kukumbuka na kutamani kuona ni neno moja. Na akikujibu "Remember me to your family", jua kwamba anakuomba uwasalimie.

Binti yangu wa darasa la nne aliandika katika insha: "Every evening I do homework with my mother. We wash dishes and sweep the house." Mwalimu wake hapa Uingereza alimwekea alama ya kuuliza. Pia huandika "I go to home". (Mama, Leicester)

Binti yako amefanya alichofundishwa nyumbani, kwa lugha na kwa vitendo. Sisi husema kazi ya nyumbani kwa hesabu alizopewa na mwalimu, na kazi za nyumbani kwa kuosha vyombo, tofauti ikiwa ni wingi tu na mazingira. Kiingereza kimechukua majina mawili tofauti. Kazi ya shule inayofanyiwa nyumbani ni "homework"; kazi ya kuitunza nyumba yenyewe ni "housework".

Ukilitazama hilo utaona jozi kubwa iliyo nyuma yake, "house" na "home". "House" ni nyumba, kuta na paa, kitu kinachojengwa, kinachouzwa na kupangishwa. "Home" ni nyumbani, na nakuomba uisikilize vizuri ile "-ni" ya mwisho. Sisi hatusemi "naenda kwa nyumbani" wala "naenda kwenye nyumbani", kwa sababu "-ni" tayari imeshasema mahali. Neno "home" linapofuata kitenzi cha mwendo hufanya vivyo hivyo, ndani yake mna mwelekeo tayari, kwa hiyo ni "I go home" bila "to", kama ambavyo ni "naenda nyumbani". Mwambie binti yako kwamba hapa Kiswahili chake kinamwongoza sawasawa. Akiweka mwenye nyumbani, "to" hurudi: "I am going to my grandmother's home."

Lipo jambo moja ambalo neno "home" haliwezi kulibeba lote, nalo ni "kwetu". Mtu aliyepanga Dar es Salaam miaka thelathini, akiulizwa kwao ni wapi, atataja Lushoto au Pemba, mahali walipozikwa wazee wake, wala hatataja nyumba anayolala. Ukimuuliza Mwingereza "Where is your home?" anaweza kukutajia mtaa anaoishi sasa, nawe ukabaki na swali lako. Muulize "Where are you from?" au, ukitaka kufika mbali zaidi, "Where are your family from?" Naye binti yako, darasani wakimuuliza "Where is your home?", ana haki ya kujibu Leicester, wewe ukimuuliza kwetu ni wapi, mfundishe ajibu jina la kijiji.